Mstari wa Saba Nyuma ya Posti

Kwako Papa Gaspar,
mtafutaji wa vyuma vya kale katika kilima cha Posti, mume wa Mama Vero, mjomba wa Eliza, mkubwa wangu wa kazi.

Kuhusu: ombi la uamuzi juu ya mstari wa saba.

Papa,

Mimi uliyekuwa ukiniita Sekreteri, niliyekushikia kamba kwa miaka minne, nakuletea barua hii kwa heshima kamili. Ina mambo mawili. La kwanza ni kukiri kosa nililolitenda kabla na baada ya kukuzika. La pili ni kuomba uamuzi ambao mimi peke yangu sina haki ya kuutoa. Leo ni Jumatano. Jumamosi tunaondoa matanga yako. Jumatatu asubuhi watu wenye majembe watapanda kilimani, nami nimeamriwa kuwatangulia.

Sijarukwa na akili hata nimwandikie mtu aliye kaburini nikitazamia jibu kutoka chini ya udongo. Jibu litatoka mkekani. Jumamosi, kwa desturi ya watu wenu wa Kirungu, familia itamketisha Eliza, binti wa dada yako, juu ya mkeka mpya, itamvika kofia yako na kumpa jina lako. Tangu saa ile ataitwa Papa Gaspar, hata na mama aliyemzaa, na neno lake litakuwa neno lako. Barua hii itasomwa mbele yake. Kwa sababu hiyo nitaeleza humu hata mambo unayoyajua kuliko mimi, kwa kuwa wakati sisi tulipokuwa kilimani, Eliza alikuwa bandarini akiuza ndakala, wale dagaa wa ziwani.

Watani wenu hawakungoja Jumamosi. Wanapita mbele ya meza yake ya samaki wakimuuliza, "Papa Gaspar, ndevu ulizitupa wapi?" Naye anawajibu bila kuinua macho, "Niliziacha ku makaburi, kulikuwa joto." Nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe. Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Habari za nyumbani ni hizi. Mama Vero ni mzima, isipokuwa goti. Ziwa limepanda tena. Ile barabara uliyozoea kupita na baiskeli, sasa watu wanaipita wakiwa wameshika viatu mkononi. Mashine yako ya kutambua vyuma iko chini ya kitanda, imefungwa ndani ya koti lako la mvua, betri zimetolewa kama ulivyotufundisha. Mimi bado nina meza yangu kwenye veranda mbele ya mabiro ya serikali, na bado ninawaandikia watu maombi ya viwanja, mashtaka ya majirani na barua za kwenda kwa wakwe. Sijawahi kupita mwaka wa nne wa shule ya msingi. Kila sentensi yangu nimeijenga mwenyewe, kama mtu anayejenga nyumba kwa matofali aliyoyaokota, na kwa hiyo nimezipenda kupita kiasi. Utaona zilikonifikisha.

Unakumbuka jinsi tulivyojuana? Ulikuja mezani kwangu kutaka ombi la ruhusa ya kutembea kilimani na mashine. Nilikuandikia nusu ukurasa ya salamu kabla ya kufikia neno kilima. Uliinua karatasi kwenye mwanga, ukasema, "Sekreteri, hii barua inavaa kravati. Miye naomba njia tu." Lakini uliipeleka hivyo hivyo, na ruhusa ikapatikana. Juma lililofuata ulirudi kuniuliza kama ningeweza kuja kushika kamba, kwa sababu, ulisema, muntu anayenyoosha mistari namna ile kwenye karatasi isiyo na mistari, atainyoosha na kwenye ardhi.

Kwa ajili ya watakaosikia, naeleza kazi yenyewe. Kabla ya kuwa na mashine yako mwenyewe, ulifanya kazi miaka mingi na watu wanaotegua mabomu yaliyoachwa na vita. Wengine wanapotafuta chuma huzungukazunguka kama kuku. Wewe uliigawa ardhi nyuma ya kuta za Posti, ile ngome ya kale ya askari, kwa kamba, mstari kwa mstari, upana wa hatua moja, na hatukuingia mstari wa pili kabla ya kuumaliza wa kwanza. Mashine iko mbele, magoti yako chini, mkono unakwangua udongo kutoka ubavuni, haushuki kamwe kutoka juu. Ulinivika visikizio masikioni na kunifundisha kwamba msumari hukoroma na shaba huimba. Tulipata vifungo vya makoti ya askari, kijiko kilichopinda, maganda ya risasi, bawaba za milango ambayo haipo tena. Kila kitu ulikifunga ndani ya kitambaa, ukaniamuru niandike mahali kilipotoka.

Katika mstari wa sita, mwaka wetu wa tatu, mashine ilikoroma kwa muda mrefu kuliko inavyokoroma juu ya kitu kidogo. Ulilala kifudifudi, ukakwangua, kisha ukaniambia kwa sauti ya chini kabisa nirudi nyuma nikikanyaga nyayo zangu mwenyewe. Lilikuwa kombora la mzinga wa zamani, obis, lililoingia ardhini bila kulipuka. Hukuligusa. Ulilifunika, ukalizungushia mawe uliyoyapaka rangi nyekundu, ukatoa taarifa. Hakuna aliyekuja. Uliniambia kwamba kitu kile kimekuwa kikingoja tangu kabla baba yako hajazaliwa, na kwamba uzee haukukifanya kiwe mpole.

Sasa nafika mstari wa saba.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, majani yamechomwa, magoti yetu meusi kwa majivu. Mashine iliimba. Ulikwangua ukatoa kisahani cha shaba, ukubwa wa kidole gumba, chenye tundu na namba. Upana wa kiganja kutoka hapo, cha pili. Kisha cha tatu, na chini yake kitu cheupe ambacho mimi nilidhani ni kipande cha sinia. Ulikisafisha kwa brashi. Kilikuwa taya la mtu. Meno yote yalikuwamo, meno mazima ya kijana.

Ulivua kofia. Sikuwahi kukuona ukivua kofia kilimani.

Ndipo uliponieleza yale ambayo bibi yako alikueleza kule Kirungu: kwamba vijana walichukuliwa wabebe mizigo ya vita vya Wazungu, masanduku na vipande vya mizinga, na kila mmoja alivishwa namba shingoni, kwa kuwa aliyeshika kalamu hakutaka kuhangaika na majina yao. Kaka wa bibi yako alishuka mlimani pamoja nao. Hakupanda tena. Hukusema kwamba yule pale chini ni yeye. Ulisema, "Hawa walibebeshwa vya kutosha. Tusiwabebeshe safari ingine." Ukaamuru tufunike, tusiguse, tusiseme.

Kisahani cha kwanza ulikirudisha kwa mkono wako. Cha pili vilevile. Cha tatu ulinipa mimi, ukageuka kukunja kamba.

Papa, sikukirudisha.

Naliandika hili polepole ili nisilifute. Sikukichukua ili nikiuze. Nilidhani kwamba namba ikiandikwa vizuri, katika barua iliyojengwa vizuri, ikifika mahali panapostahili, kuna daftari fulani duniani litakalofunguliwa na jina likasomwa. Nilikificha katika kisanduku cha mihuri yangu. Miezi miwili baadaye ulianguka uani ukinawa uso, na hatukupata muda wa kuagana, wala mimi muda wa kukuambia.

Baada ya mazishi, wafyatua matofali walianza kukata udongo chini ya kilima. Kila juma shimo lao lilipanda kidogo. Niliogopa kwamba watawafikia wale wa mstari wa saba. Nikaandika ombi kwa shefu wa biro moja, ambayo sitaitaja hapa, kwa maana nimejifunza. Niliomba mahali pale paheshimiwe na paruhusiwe kuwekwa ua na msalaba. Kurasa tatu. Katika ukurasa wa pili nilichora ramani: ukuta wa mashariki, hatua arobaini na moja hadi kisiki, kisha mistari yetu yote ikiwa na namba zake. Sijawahi kuchora kitu kizuri kama kile. Na kwa kuwa katika kazi yangu nimeona kwamba ombi lisilo na kiambatisho husomwa kama malalamiko ya mlevi, niliambatisha kisahani.

Uliniamuru nisiseme. Mimi nilisema kwa ramani na kwa ushahidi.

Siku ya nane niliitwa. Kisahani kilikuwa juu ya meza, kimesuguliwa kwa limau na majivu mpaka kinang'aa. Shefu alikigeuzageuza, akaniuliza tangu lini Wazungu walizika wapagazi na shaba. "Hii njo alama," akasema. "Chini yake kuna kitu." Nilijibu kwa utaratibu wote kwamba chini yake kuna watu. Akanyoosha kidole kwenye ramani yangu, akasema muntu hachori hivi kwa ajili ya mifupa. Nilipomweleza habari ya mstari wa sita, aliwatazama wale wawili waliokuwa wamesimama mlangoni, nao wakacheka kabla yake. "Kumbe obis njo mulinzi wa sanduku yenu."

Masharti yake ni haya. Jumatatu nitapanda na mashine na kumwonyesha mstari wa saba, watu wake wachimbe. Nikikataa, au nikitoroka, atawaweka wachimbaji kwenye mistari yote kwa pamoja, kila mtu na jembe lake, mpaka sanduku la mali analoliwaza lionekane. Niliomba muda wa majuma mawili. Akakataa, anaamini kwamba majuma mawili ni muda wa sisi kulihamisha. Niliwapigia simu wenzako wa zamani wanaotegua mabomu. Wako mbali, upande wa Pepa, na hawawezi kufika hapa kabla ya majuma hayo mawili.

Juzi, Jumatatu, nilimwomba Mama Vero mashine, nikapanda peke yangu saa tatu ya asubuhi. Nilitaka kuhakikisha mawe mekundu yako mahali pake.

Hayakuwapo.

Nilitazama huku na huku, nikayaona chini kwa wafyatua matofali, yamepangwa matatu matatu chini ya vyungu, moshi unatoka. Wanawake wao waliona mawe mazuri yenye kimo kimoja, wakayafanya mafiga. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Hakuna aliyewaambia rangi ile ilimaanisha nini, na aliyepaswa kuwaambia ni mimi.

Papa, ilinibidi nilitafute upya. Nilifunga kamba kama ulivyonifundisha, nikavaa visikizio, nikaingia mstari wa sita kwa magoti. Kila msumari ulipokoroma niliilaza mashine chini kwanza. Nilikwangua kutoka ubavuni, nikakuta bawaba. Nikapiga mstari kwa kijiti, nikasogea upana wa kiganja. Jasho liliingia machoni nami sikuthubutu kulifuta, kwa kuwa sikujua kiwiko changu kingetua wapi. Kisha mashine ikaanza kukoroma na haikunyamaza. Niliipeleka kushoto, inakoroma. Niliipeleka kulia, inakoroma. Nilibaki pale, mkono umenyooka, nikitafuta ndani ya kichwa changu sauti yako ikiniambia nirudi nyuma nikikanyaga nyayo zangu, na sikuipata kwa muda mrefu. Nilipoipata, nilirudi.

Niliweka vijiti vinne vyenye vitambaa vyekundu. Nilishuka kuwaeleza wafyatua matofali. Walizima moto na kuhamia upande wa pili siku ileile, pamoja na vyungu vyao. Halafu nilirudi kupima, maana nilipaswa kujua. Kutoka kombora hadi mahali tulipopata taya ni hatua mbili na nusu. Watu wa shefu hawatachimba mstari wa saba kwa brashi, Papa. Watachimba kwa haraka, wakisukumana, kila mmoja akitaka jembe lake liwe la kwanza kugonga sanduku.

Nilimpelekea Mama Vero mashine na habari yote, hata ya kisahani. Nilitarajia anifukuze. Aliketi akikanda goti lake. Mwishowe akasema, "Sekreteri, ulianza na karatasi. Sasa muandikie mwenyewe. Eliza atajibu." Akaingia ndani. Baada ya muda akatoka na koti lako la mvua, akaifunga mashine upya, kwa kuwa nilikuwa nimeifunga vibaya.

Basi hali ni kama ifuatavyo, na naieleza bila mapambo.

Nikikataa kwenda Jumatatu, watachimba kwa upofu kwenye mistari yote, na vijiti vyangu vinne watavicheka na kuving'oa. Watakaokufa ni watu wa kukodiwa, wenye watoto, ambao hawajui lolote kuhusu ramani yangu. Nikienda nao, nitaweza labda kuwazuia wasiingie mstari wa sita, kwa muda ambao watanisikiliza. Lakini wale vijana watatolewa ardhini kwa majembe, mifupa itatupwa kando, visahani vitasuguliwa kwa limau.

Iko njia moja zaidi. Ni kuwatoa sisi wenyewe Jumapili baada ya misa, mchana, mbele ya watu wote watakaotaka kuja, na kuwazika katika makaburi ya parokia. Padri amekubali, mradi familia ya Kirungu iseme. Watu wakishaona kwa macho kilichomo, na kwamba chini yake hakuna kitu isipokuwa udongo, nani atashika jembe Jumatatu? Shefu atakasirika. Atanitafuta mimi, na atanipata mezani kwangu.

Njia hii ina mambo mawili mazito. Kwanza, inavunja amri yako. Ulisema tusiwabebeshe safari nyingine, nasi tutawabeba. Hata ikiwa ni mwendo wa nusu saa tu hadi makaburini, hata ikiwa safari hii wao ndio watakaobebwa, amri ni amri, na mimi nimekwisha kuivunja mara mbili bila kukuuliza. Sitaivunja mara ya tatu kwa hiari yangu. Pili, kuna hatua mbili na nusu. Atakayepiga magoti ndani ya mstari wa saba atakuwa mimi peke yangu, kwa kuwa katika walio hai hapa mjini hakuna mwingine uliyemfundisha. Wengine watasimama nyuma ya ukuta, na nitawaletea kila nilichokitoa. Naogopa. Sijui namna iliyo rasmi ya kuliandika neno hilo, kwa hiyo nimeliandika hivyo.

Eliza, utakapoketi mkekani, usinihurumie. Uliye mkekani ni mjomba wako, naye hakunihurumia kazini hata siku moja. Akiona kamba imelegea alinirudisha mwanzo wa mstari. Jibu kama ambavyo angejibu. Na kama ndani yako hatasema kitu, basi jibu wewe, kwa sababu jina litakuwa lako nasi tutalitii.

Papa, lala salama. Sikukuaga uani siku ile; nakuaga hapa. Nakuahidi kwamba lolote litakaloamuliwa nitalitekeleza kwa mwendo wako, kiganja kwa kiganja, na kwamba kisahani cha tatu, kilicho mkononi mwa shefu, nitakidai mpaka kirudi shingoni kwa mwenyewe, awe amelala mahali gani.

Naomba uamuzi utolewe Jumamosi, kabla watu hawajatawanyika: tuwahamishe Jumapili, au tuwaache walipo?